Obdulia Merchán, Sauti ya Chini ya Jukwaa

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, jikoni, shambani au garini, acheni kidogo mnachofanya. Obdulia Merchán ametutoka. Amefariki Jumanne, saa tano asubuhi, nyumbani kwake Valdecorza, dirisha la upande wa uwanjani likiwa wazi kama alivyotaka. Alikuwa na miaka tisini na mmoja. Tulimzika jana.

Kwa wewe uliyefungua redio sasa hivi, narudia. Obdulia Merchán, mnong'onezaji wa mchezo wa Valdecorza kwa miaka arobaini na mmoja, hatunaye tena. Na nitasimulia habari zake kwa furaha, asinilaumu mtu. Jana makaburini binti yake, Candela, alinishika mkono akaniambia, "Usije ukalia redioni wewe. Mama alikuwa hapendi mtu anayelia akiwa kazini." Basi sitalia. Nitajitahidi.

Mchezo wenyewe mnaujua. Ni wa kale, wa mashairi, una karne nne. Kila tarehe kumi na tano Agosti watu wa Valdecorza wanauigiza uwanjani, pale penye kisima. Mtoto wa kabaila anamwahidi ndoa Jacinta, binti wa mfumaji. Kisha anamkana mbele za watu na kumwita mwongo. Jacinta anakwenda kushtaki kwa meya wa kijiji, Mateo Ruano. Hapo ndipo penye utamu, kwa sababu meya huyo na baba yake Jacinta ni maadui wa miaka ishirini. Hawasalimiani. Hata mbwa wao hawasalimiani. Kila mtu anangoja meya amfukuze yule binti. Lakini meya anainua fimbo yake, anamhukumu mtoto wa kabaila, kisha anamgeukia Jacinta na kumwambia maneno ambayo mtu wa Valdecorza huyajua kabla hajajua kufunga viatu: "Sikupendi, lakini haki ni yako."

Na maneno hayo hayakai jukwaani tu. Utayasikia kwa muuza nyama, akikubali kwamba kweli mfupa umezidi. Utayasikia kwenye mpira, shabiki akikubali penalti ya wapinzani. Mama mkwe wangu naye ni wa Valdecorza, kama mimi, na amekwisha kuniambia mara mbili. Niliyapokea yote mawili, la kutopendwa na la haki.

Sasa kuna desturi moja, ishikeni, maana tutairudia. Meya akiinua fimbo tu, wanaume wote uwanjani wanavua kofia. Wanawake waliokaa wanasimama. Hakohoi mtu. Na kofia hazirudi kichwani mpaka hukumu isomwe hadi neno la mwisho. Jua la Agosti likikuchoma utosi, utachomeka. Ndivyo walivyolelewa.

Jingine ni kwamba nafasi katika mchezo huo zinarithiwa. Baba anamwachia mwanawe wa kiume. Nafasi ya meya ilikuwa ya ukoo wa Merchán tangu zamani, na fimbo ya meya, ile ya mti mweusi yenye kichwa cha shaba, ilitundikwa ukutani nyumbani kwao. Baba yake Obdulia, mzee Hilario, alikuwa mbanduaji wa magome ya mialoni, yale ya kutengenezea vizibo vya chupa, mtu wa mikono mikubwa na sauti ya kutikisa madirisha. Alikuwa hajui kusoma. Nani alimfundisha maneno ya meya, beti mia tatu na zaidi? Obdulia. Tangu ana miaka saba. Baba anachonga mpini wa shoka, mtoto amekaa juu ya rundo la magome na kitabu magotini, anamnong'oneza mstari, baba anaunguruma mstari. Aliniambia mwenyewe, katika chumba hiki hiki cha redio: "Baba akikosea nilimpiga teke la mguu. Ni mimi tu duniani niliyeruhusiwa kumpiga baba teke."

Mzee Hilario alikufa kwa homa ya mapafu, Obdulia ana miaka kumi na minane. Hakuwa na kaka. Fimbo ikatolewa ukutani ikapelekwa kwa binamu yake, Casimiro Merchán. Obdulia aliwaambia wazee wa mchezo, "Maneno yote ninayo mimi." Wakacheka. Mama yake mwenyewe akamwambia, "Wewe ni mwanamke, mwanangu. Nani atavua kofia kwa hukumu ya mwanamke?"

Casimiro, jamani. Casimiro yupo, ana miaka tisini na mitatu, na ananisikiliza saa hii na kikombe chake cha kahawa, kwa hiyo nasema kwa adabu. Sauti alikuwa nayo. Kifua alikuwa nacho. Lakini kichwa chake kilikuwa chujio. Mwaka wake wa kwanza, kwenye mazoezi, alifika kwenye hukumu akamwambia mtoto wa kabaila aende na amani. Wazee wakashika vichwa. Ndipo wakakumbuka kuna msichana fulani anayejua maneno yote.

Basi wakamweka chini. Mbele ya jukwaa walitengeneza kisanduku, shimo la mbao lenye kifuniko, kichwa cha mtu kinatokeza kidogo upande wa waigizaji na watazamaji hawakioni. Humo ndimo anamokaa mnong'onezaji. Mwigizaji akinyamaza, yeye anampa maneno, kwa pumzi tu. Obdulia aliingia humo ana miaka kumi na tisa. Akampa Casimiro hukumu, neno kwa neno. Watu wakashangilia. Casimiro akainama, akapokea shangwe, akaenda baa. Huko baa akasema, "Mimi siku hizi hukumu naijua kama jina langu." Obdulia alikuwa bado yumo kisandukuni, anangoja mtu amfungulie.

Hivyo mwaka wa kwanza. Hivyo mwaka wa pili. Hivyo miaka ishirini na mmoja. Casimiro hakumshukuru hata siku moja, na Obdulia hakumkosea hata neno moja. Candela anakumbuka: "Nilimuuliza mama, kwa nini usinyamaze mwaka mmoja tu, umwache aumbuke? Akaniambia, mwanangu, nikinyamaza hataumbuka Casimiro. Ataumbuka Jacinta."

Sikieni hilo. Kwake yeye, yule binti wa kwenye mchezo alikuwa mteja wake. Kila Agosti alimpeleka mpaka kwenye haki yake, kisha akarudi kupika.

Haya. Mwaka elfu moja mia tisa sabini na mbili, mwezi wa Mei, wakaja watu wa filamu kutoka Madrid. Malori sita. Walikuwa wanatengeneza filamu ya mchezo wetu, na walitaka kuipiga pale pale Valdecorza, kwenye kisima chenyewe. Kijiji kikapagawa. Watu mia mbili wakaandikwa kujaza uwanja. Nafasi ya meya ilichukuliwa na mwigizaji maarufu wa wakati ule, Leandro Oriol, mwanaume mrefu mwenye ndevu za mvi. Casimiro akaambiwa asimame kwenye umati na kofia kama wengine. Alinuna wiki nzima. Na fimbo aliwaazima, lakini aliipeleka mwenyewe kila asubuhi na kuichukua mwenyewe kila jioni, amekumbatia kama mtoto mchanga.

Mwongozaji wa filamu aliitwa Ferrándiz. Kijana, mwembamba, anavuta sigara moja juu ya nyingine. Siku ya pili Obdulia alimwomba katibu wake amwonyeshe mswada, "nione tu kama wameandika vizuri." Akausoma amesimama. Akaurudia. Kisha akaenda moja kwa moja nyumba ya mwalimu, alikofikia Ferrándiz, akamkuta anakula mikate ya kukaanga na kitunguu saumu.

"Bwana mwongozaji, kwenye daftari lenu kuna kurasa zimepotea."

"Zipi, mama?"

"Za hukumu."

"Hazijapotea. Nimezitoa."

"Umezitoa umezipeleka wapi?"

Ferrándiz akacheka. Akamweleza. Katika filamu, meya atainua fimbo na kusema kwamba mfalme ataamua. Watu wote watapiga magoti. Mjumbe wa mfalme ataingia na farasi mweupe, atasoma amri, kwisha. "Picha nzuri sana," akasema. "Na mama, tuwe wakweli. Nani ataamini kwamba mtu anampa haki binti wa adui yake, halafu anamwambia usoni kwamba hampendi?"

"Sisi tunaamini," Obdulia akasema.

"Nyinyi ni kijiji kimoja."

"Ndiyo. Na hicho kisima unachopiga picha ni cha kijiji hicho kimoja."

Alirudi asubuhi iliyofuata. Akarudi mchana. Akamwandikia zile kurasa kwa mkono wake, beti zote, akaziweka chini ya sahani yake. Siku ya nne msaidizi wa mwongozaji akamwambia bila kupepesa macho kwamba asikanyage uwanjani mpaka kazi iishe. Obdulia akafunga aproni yake vizuri. "Sawa," akasema. "Nitakaa nyumbani kwangu." Msaidizi akafurahi. Yule bwana hakujua jambo dogo tu, kwamba nyumba ya Obdulia iko uwanjani. Dirisha lake la chini liko hatua nne kutoka kisimani.

Wasikilizaji wapendwa, tumefika siku ya hukumu. Siku ya tano ya kupiga picha, jua la saa sita. Watu mia mbili uwanjani kwa mavazi ya kale, mama yangu mzazi akiwemo. Yumo kwenye filamu, sekunde mbili, ameshika kuku. Jacinta amesimama kisimani. Leandro Oriol amesimama kando yake na fimbo ya Merchán mkononi. Ferrándiz yuko juu ya ngazi na kipaza sauti chake cha bati. Amewaeleza watu kwa vidole: fimbo ikipanda, mnapiga magoti. Magoti! Mmeelewa? Tumeelewa, bwana.

Kamera ikaanza. Fimbo ikapanda. Na kofia zikashuka.

"Kata! Sikusema kofia! Nimesema magoti!"

Samahani bwana, samahani sana. Wakavaa. Wakaanza upya. Fimbo juu, kofia chini, watu wima kama mishumaa. Kata! Mara ya tatu. Kata! Mara ya nne mwokaji mikate alijifunga kofia kwa kamba kidevuni ili asiivue. Akaivua na kamba yake, nusura ajikate sikio. Jamani, haukuwa mgomo. Msije mkadhani ulikuwa mgomo. Watu walitaka kwa moyo wote kumfurahisha yule bwana wa Madrid. Mama yangu alikuwa akisema hadi uzeeni kwake: "Magoti hayakukunjika. Nilikuwa nayaambia kunjikeni, hayakusikia." Wamezaliwa wanaona fimbo hiyo ikipanda, na mikono ilikwenda yenyewe.

Mara ya sita Ferrándiz akashuka kwenye ngazi. Uso umekuwa mwekundu, sauti imekwisha. Akaja mpaka mbele ya umati. Wanaume wote kofia mkononi, wanawake wima, wanamtazama Oriol.

"Lakini mnasubiri nini?"

Akajibu mama yangu, na kuku wake. "Hukumu, bwana."

"Hakuna hukumu! Anakuja mjumbe wa mfalme!"

"Haya, akija na yeye atavua kofia," mama akasema.

Watu wakavunjika mbavu. Ferrándiz hakucheka. Akapanda ngazi yake. "Mara ya saba, na ya mwisho," akasema kwa ile sauti iliyobaki. Kamera ikaanza. Fimbo ikapanda. Kofia zikashuka, zote, kwa mkupuo mmoja.

Leandro Oriol alipaswa kusema, "Mfalme ataamua." Maneno mawili tu. Hakuyasema. Baadaye aliwaambia watu kwamba alitazama vile vichwa vitupu, vya wazee, vya vijana, vimelowa jasho, na hakuweza kuviambia habari za mfalme. Akasimama na fimbo juu. Uwanja mzima kimya. Maikrofoni ikining'inia juu yake. Ferrándiz alifungua mdomo kusema kata, sauti haikutoka.

Na nyuma ya dirisha, Obdulia Merchán alikuwa anachambua dengu.

Mfahamuni mwanamke huyu. Kwa miaka ishirini na mmoja, mwigizaji akinyamaza na fimbo iko juu, maana yake ni moja tu, amesahau. Hakufikiri. Hakukusudia. Candela alikuwepo, ana miaka kumi na sita, anaosha vyombo: "Nilimwona mama ameinua kichwa. Akaweka dengu chini. Akasogeza mdomo kwenye upenyo wa dirisha, kama kisandukuni, akaanza."

Akanong'ona: "Mtoto wa kabaila, rudi kisimani."

Oriol akasikia. Alikuwa mtu wa jukwaa huyo kabla ya kuwa mtu wa kamera, na mtu wa jukwaa akinong'onezwa huchukua. Akachukua. "Mtoto wa kabaila, rudi kisimani!" Sauti ikapiga kuta zote nne.

Mnong'ono: "Ulipotoa ahadi yako, hapo hapo uiseme tena."

Oriol: "Ulipotoa ahadi yako, hapo hapo uiseme tena!"

Hivyo mstari kwa mstari. Upanga wako uuache hapa. Jina la mwongo ulilompa huyu, livae wewe. Yule kijana aliyeigiza mtoto wa kabaila hakuwa na maneno hayo kwenye daftari lake, lakini alifungua mkanda akauweka upanga chini. Jacinta analia machozi yasiyo ya filamu. Mpiga picha hakuambiwa kata, basi hakukata. Fundi sauti ameinua mkono juu kuwazuia wote, amefumba macho. Na mwisho ule mnong'ono ukatoka, mdogo, mkavu kidogo, na Oriol akaugeuza kuwa ngurumo: "Sikupendi, lakini haki ni yako!"

Kofia zikarudi vichwani. Zote kwa pamoja. Hapo ndipo watu wakapumua.

"Nani huyo?" Ferrándiz akauliza. "Nani alikuwa anasema?"

Msaidizi akakimbia, akamtoa Obdulia nje, aproni imejaa maganda. Obdulia amepauka. Alijua amewaharibia. "Samahanini," akasema. "Alinyamaza. Mimi nilidhani amesahau." Msaidizi akamshika mkono wa juu kumwondoa uwanjani.

Ndipo umati ukafunguka akatoka mtu mmoja mnene, kofia mkononi. Casimiro.

"Mwache," akasema.

"Na wewe nani?"

"Mimi ni meya. Meya wa mchezo, wa Agosti. Miaka ishirini na mmoja." Akageuka, hakumtazama mwongozaji, akawatazama watu wa kijiji chake. "Nimewaambia baa kwamba maneno nayajua. Siyajui. Sikuwahi kuyajua. Ni huyu. Kila mwaka ni huyu." Akanyoosha kidole kwa binamu yake. Kila mtu uwanjani alijua kitakachofuata, na bado hakuna aliyekohoa. "Simpendi. Ana kiburi, na mdomo wake mchungu. Lakini haki ni yake."

Obdulia akamtazama. "Kiburi nimekirithi kwako?" akasema. Watu wakapiga makofi, wasikilizaji, makofi hata njiwa wakaondoka mnarani wasirudi hadi kesho yake.

Ferrándiz akawasha sigara nyingine. Akauliza, "Mama, zile kurasa ulizoniwekea chini ya sahani. Unazo nyingine?" Obdulia akagusa kichwa chake. "Zote zimo humu." Basi akaletewa kiti. Kiti cha turubai, karibu na kamera, na siku zote zilizobaki alikalia hicho. Na yule farasi mweupe wa mfalme alirudishwa alikokodiwa, hakupigwa picha hata moja. Alikula majani yetu siku tano akaondoka amenenepa.

Likabaki swali la sauti. Kwenye utepe, kabla ya kila mstari wa hukumu, unasikika mnong'ono wa mwanamke. Huko Madrid walitaka kuufuta. Fundi sauti akasema wakiufuta yeye anaacha kazi. Ukabaki. Upo mpaka leo.

Mwaka uliofuata filamu ilionyeshwa mjini, na Valdecorza ikashuka nzima kwa mabasi matatu. Taa zikazimwa. Fimbo ikapanda kwenye pazia kubwa, na mle ndani ya sinema watu wote wakavua kofia. Kisha ule mnong'ono ukatoka kwenye spika, ukajaa ukumbi, juu, chini, kila mahali. Obdulia hakuwahi kusikia sauti yake mahali pengine zaidi ya kisandukuni. Alimshika Candela mkono, akaubana hadi ukauma. "Nani huyo?" akanong'ona. "Ni wewe, mama." "Mbona nasikika mbali hivi?"

Ilifika mbali kweli. Ilishangiliwa Madrid, ikapelekwa hadi nchi za nje. Mwandishi mmoja wa gazeti akasifu kurasa mbili nzima akisema ule mnong'ono ni dhamiri ya meya. Candela alimsomea mama yake mezani. Obdulia akatupa kijiko. "Dhamiri gani? Ni mimi, na koo lilikuwa linaniwasha kwa vumbi la dengu!"

Agosti ya mwaka huo mchezo ulipokwisha, Casimiro alipokea shangwe kama kawaida yake. Halafu akafanya jambo ambalo halijawahi kufanyika. Akainama, akang'oa kifuniko cha kisanduku, akaingiza mkono.

"Toka, binamu. Wanataka kukuona."

"Taratibu, utanitegua bega."

Akamvuta hadi juu ya jukwaa. Na uwanja mzima ukavua kofia kwa mwanamke. Mama yake Obdulia alikuwa hai, amekaa mstari wa mbele, aliona kwa macho yake mawili. Kuanzia mwaka huo ilikuwa hivyo kila Agosti, hadi mwaka tisini na mbili alipostaafu. Kila mwaka Casimiro alimvuta, na kila mwaka Obdulia alilalamika bega. Wakimaliza hawakusemezana hadi mwaka unaofuata.

Narudia kwa mara ya mwisho, ili asiwepo wa kusema hakusikia. Obdulia Merchán, mnong'onezaji, miaka arobaini na mmoja. Filamu ile ina haki ndani yake kwa sababu yeye hakuweza kuvumilia kimya.

Na sasa jana. Jeneza lilipitishwa uwanjani, likasimamishwa mbele ya kisima. Casimiro alikuja anategemea fimbo ile ile nyeusi, mjukuu wake wa kike amemshika kiuno. Hakuna aliyempangia. Alifika kwenye jeneza, akaiinua fimbo. Wanaume wote wakavua kofia. Ikabaki kusemwa maneno. Na Casimiro akanyamaza.

Tukangoja. Akainama kidogo, namna ile ile, sikio likielekea chini mbele ya miguu yake, mahali pa kisanduku. Miaka tisini na mitatu, bado anangoja apewe neno. Na aliyekuwa akimpa amelala pale mbele yake. Jamani, nilisema sitalia.

Halafu nikasikia. Candela alianza, kwa pumzi tu. Akafuata mwokaji mikate, mtoto wa yule wa kamba. Akafuata mama mkwe wangu. Mwishowe uwanja mzima, watu mia tano, wananong'ona kwa pamoja kumpa Casimiro maneno yake: "Sikupendi, lakini haki ni yako."

Casimiro akasikiliza hadi mwisho. Akatikisa kichwa.

"Hapana," akasema. "La kwanza silisemi. La kwanza ni uongo, hata yeye alijua." Akashusha fimbo, akailaza juu ya jeneza, na kwa ile sauti yake ya zamani, iliyotikisa madirisha, akasema, "Binamu, haki ni yako."

Kofia zikarudi vichwani.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio hii nawapa pole Candela, wanawe, ukoo wote wa Merchán, na wewe mzee Casimiro na kahawa yako iliyopoa. Poleni sana. Fimbo, nimearifiwa asubuhi hii, haikuzikwa. Casimiro amempa Candela akaitundike ukutani ilikokuwa mwanzo.

Nanyi mlio majumbani, fikirini leo juu ya mtu aliyewahi kukupa neno ulipokwama, ukapokea shangwe wewe, akabaki yeye chini ya mbao. Kama yu hai, nenda kamvute mkono leo. Hata kama humpendi.

Sitapiga muziki. Nimeuweka hapa utepe wa filamu, pale fimbo inapopanda. Ongezeni sauti ya redio, tena sana, na msikilize kabla ya sauti ya yule mwanamume. Mkiwa na kofia, mnajua la kufanya.